Kama ni Huyuhuyu

Safari hii niliagizwa. Aliyepaswa kwenda ni mama mwenye mgahawa nilikofikia Lamadi. Yeye ndiye mwanachama wa kikoba kilichokodi Koasta, nauli ameshalipa, jina lake limo daftarini. Lakini alfajiri ya Jumamosi ile binti anayemsaidia jikoni aliamka na homa, na mgahawa wa njia panda haufungwi Jumamosi. Akanikuta uani napiga mswaki, yeye mwiko mkononi.

"Baba, kakalie nafasi yangu. Ila ukifika makumbusho ya Butiama uitazame vizuri ile picha ya Mwalimu Nyerere, uje uniambie kama ni huyuhuyu wangu."

Huyuhuyu wake amening'inia juu ya meza anapopokelea pesa. Ni picha ya kuchapwa, ndani ya fremu ya mbao, kioo kina ufa pembeni, rangi imepauka hadi kukaribia samawati. Mvi zimeanza, sharubu fupi, kola ya kaunda suti, midomo imefungwa, macho ya mtu aliyesikia swali na bado analipima. Picha za namna hiyo nimeishi nazo tangu utotoni. Baba yangu alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa wale vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza ualimu huku wakifundisha, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974 kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa rika la shule awe ameandikishwa. Ofisini kwake, chumba cha matofali ya udongo, uso huo ulikuwa juu kabisa ya kiti chake. Nikiwa mdogo niliamini ni mkuu wake wa kazi, amewekwa pale amwangalie baba asichelewe. Kwa hiyo nilipanda Koasta nikijiona najua ninachokwenda kukitazama.

Lamadi ni njia panda. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inapokea hapa lami inayotoka Bariadi, kilomita 72 hivi, na magari yote yanasimama, hata yasiyo na haja ya kusimama. Wauzaji wanayakimbilia na sato wa kukaanga, karanga, mahindi ya kuchoma, michembe ndani ya vifuko vya nailoni. Utasikia Kisukuma, Kijita, Kikerewe, Kikurya na Kijaluo kabla hujamaliza kunywa soda. Tangu 2012, mkoa wa Simiyu na wilaya ya Busega vilipoundwa, watu wa hapa wamezoea kujitaja wana-Simiyu, ingawa wazee bado huteleza wakasema Magu, Mwanza. Magharibi liko ziwa, na sehemu hii ramani zinaiita Ghuba ya Speke, kwa jina la Mwingereza aliyeliona ziwa lenyewe mwaka 1858 akalipa jina la malkia wake. Nimewauliza wavuvi kadhaa kama wamewahi kuiona sura ya Speke au ya huyo Victoria. Hakuna. Majina hayo wanayataja kila siku bila uso. Mwalimu kwao ni kinyume chake: uso wake upo dukani, zahanati, ofisi ya kijiji, na hakuna anayehitaji kuandika jina chini yake.

Tuliondoka saa moja na robo. Abiria wengi walikuwa kinamama wa dagaa, pamoja na fundi cherehani mmoja, watoto wanne, baba mmoja mrefu aliyekaa wima muda wote, na mzee anayekaribia miaka 80, baba wa mweka hazina wa kikoba. Mzee huyu alipewa siti ya mbele. Aliponiona nimekosa pa kuegemea alinisogezea begi lake. "Kaa, ng'wanone," akasema, yaani mwanangu. Basi nikakaa karibu naye njia nzima.

Baada ya kuvuka Ndabaka, mbuga ya Serengeti inabaki kulia kwako kwa muda, nyasi za Oktoba zimekauka, nyani wamekaa kando ya lami wanahesabu magari. Watoto walipiga kelele kila walipowaona. Mzee hakugeuka. Alikuwa anaongea nami habari za sarafu, kwa sababu kondakta alikuwa amemrudishia chenji.

"Mimi nimeshika shilingi ya mfalme," alisema. "Upande mmoja simba, upande wa pili kichwa cha Mwingereza. Halafu 1966 tukaletewa zetu. Senti hamsini ina sungura. Senti ishirini ina mbuni. Senti tano samaki. Shilingi ina mwenge. Ukigeuza zote, Mwalimu. Nilimjua kwa kidole kabla sijamjua kwa jicho. Gizani ukipapasa unajua, huyu hapa."

Nilimtazama kwa heshima mpya. Mimi nilidhani habari ya kutazama picha ni ya macho.

Bunda tulisimama kidogo. Hapo kijana dereva alitoa simu, akatuonyesha ile sanamu ya Mwalimu iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2024 kwenye makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, na ugomvi wa siku zile ukaanza upya garini. Wapo waliosema siye. Wapo waliosema ndiye, ila wa ujanani. Mama mmoja akasema mashavu si yake, mwingine akamjibu kwamba mashavu ya shaba huwa hivyo. Nakiri kwamba siku ilipozinduliwa nami nilikuwa katika kundi la siye, na nilisema kwa sauti. Ndani ya Koasta ile nilijiuliza kwa mara ya kwanza nilikuwa nailinganisha na nini. Sikuwahi kumwona Mwalimu ana kwa ana. Nilikuwa nailinganisha na karatasi iliyokuwa juu ya kiti cha baba.

Tukapita Kiabakari, tukafika Makutano, tukachepuka kwenda Butiama. Nchi hapa inabadilika. Mawe makubwa yamepandana, migomba inajificha katikati yake, hewa ni nyepesi kuliko ya ziwani. Kilima cha nyumbani kwa Mwalimu kinaitwa Mwitongo. Mzee aliposikia jina hilo alisimama mlangoni mwa gari, mguu mmoja bado ndani.

"Mwitongo?"

Kijana wa pale akamwambia kwamba kwa Kizanaki maana yake ni mahame, mahali palipokaliwa na watu wakahama.

"Hata kwetu," mzee akasema. "Itongo." Akashuka polepole, bila kuongeza neno.

Kaburi tulilizuru kwanza, kwa sababu kinamama walitaka kuanza na sala. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa hapa tarehe 23 mwezi uleule. Wazazi wake, Chifu Nyerere Burito na Mgaya, wamelala kilima hichohicho. Makumbusho yenyewe yalifunguliwa mwaka huo wa 1999, yeye akiwa bado hai. Ni ya familia ya Makumbusho ya Taifa, ambayo mzizi wake ni jumba lililofunguliwa Dar es Salaam 1940 kumkumbuka Mfalme George wa Tano, baba wa yule ambaye kichwa chake mzee alikishika utotoni kwenye shilingi. Katika nchi hii hata makumbusho yalianza na uso wa mtu mwingine.

Ndani kuna zawadi alizopewa kutoka pembe zote za dunia, vinyago, vitu vyake vya kila siku, na picha nyingi. Niliyokwenda kuitazama ni moja tu, ya uso, nyeusi na nyeupe. Nilisimama mbele yake nikaanza kazi yangu ya kuilinganisha na ya Lamadi: sharubu zilezile, kola ileile, midomo imefungwa vilevile. Nilikuwa tayari kuondoka na jibu. Lakini kinamama walikuwa wameniziba njia, ikabidi nibaki, na kwa kubaki ndipo nikaanza kuwatazama watazamaji.

Watoto walikuwa wa kwanza kuchoka na wa kwanza kugundua jambo. Mmoja alikwenda kulia, mmoja kushoto, kila mmoja akalia kwamba Mwalimu anamtazama yeye. Wakabadilishana nafasi, ikawa vilevile. Mtu akipigwa picha ametazama kamera, macho yake humfuata kila anayepita mbele, maana karatasi haina pembeni. Lakini kwa mtoto wa miaka sita hilo ni jambo la kutisha na la kupendeza kwa pamoja, na binti mdogo alijificha nyuma ya kanga ya mama yake akichungulia kuona kama bado anatazamwa. Fundi cherehani hakupandisha jicho hata kufika machoni. Alisogea karibu, akakunja uso, akasema kwa sauti ya kazini kwamba kola imekatwa vizuri na aliyeishona alijua shingo ya mteja wake ni fupi kidogo. Dereva alitoa noti ya 1,000 mfukoni, akainyoosha, akaiinua kando ya picha. "Wa kwenye noti ni mkali," akasema. "Huyu unaweza kumwomba kitu."

Wakaingia wageni wengine, kundi dogo la Waganda. Nilishaambiwa kwamba huja. Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwalimu Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, hatua ya mwanzo katika njia ndefu ya kuwatambua watakatifu, na kila tarehe 1 Juni waumini hukusanyika Namugongo, karibu na Kampala, kuombea safari hiyo ifike. Mama mmoja wa kundi lile, wa makamo, amejifunga kitambaa cheupe, alisimama mbele ya picha akafanya ishara ya msalaba. Akasali kwa Kiganda. Alipomaliza alitugeukia, sisi tuliokuwa tumenyamaza kwa adabu, akasema kwa Kiswahili cha kutafuta maneno kwamba kama si huyu, Amin angewamaliza. Akaongeza kwamba anatoka Masaka.

Baba mrefu aliyekaa wima njia nzima alikuwa nyuma yangu. Sikujua bado kwamba aliwahi kuwa mgambo, na kwamba mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia Kagera na Mwalimu akasema redioni habari ya uwezo, sababu na nia ya kumpiga, yeye alikuwa miongoni mwa maelfu walioandikishwa. Alichukua hatua moja mbele.

"Mama, Masaka nimepita."

Yule mama akamtazama. "Mwezi wa pili?"

"Mwezi wa pili. Sabini na tisa."

Wote waliokuwa chumbani wenye umri wa kujua, walijua. Masaka ilitekwa mwishoni mwa Februari 1979, na majengo yake mengi yakabomolewa kwa baruti kulipa yaliyotendwa Kagera. Kampala ikaja kuanguka tarehe 11 Aprili. Mama wa Masaka alisema duka la baba yake lilikuwa barabara kubwa, la vitambaa, na kwamba siku moja ileile walicheka kwa sababu askari wa Amin wamekimbia na walilia kwa sababu duka halipo. Alisema bila lawama. Alikuwa anapanga mambo mawili yaliyotokea siku moja.

"Pole, mama," mgambo akasema.

"Asante. Na wewe pole."

Halafu wakasimama bega kwa bega, hawatazamani, wanamtazama yule wa ukutani. Sijui walisimama muda gani. Nilitazama macho ya mwanamume: hayakuwa usoni pa Mwalimu. Yalikuwa chini kidogo ya fremu, ukutani patupu. Macho ya mama yalikuwa yamenyooka, kana kwamba aliyekuwa mle ndani angeweza kumjibu. Picha hiyohiyo, mwanga uleule, nusu mita kati yao. Mimi niliyekuja na kazi ya kulinganisha sharubu niliona aibu.

Walipotoka, mzee wetu ndiye aliyebaki. Alikuwa amekaa kwenye benchi muda wote huo akisubiri watu wapungue. Alisogea, akaweka fimbo yake ukutani, akavua kofia, akamwita kijana mwongozaji.

"Mjukuu wangu, alikuwa na umri gani hapa?"

Kijana akafikiri. Akasema hawezi kutaja mwaka kamili kwa kichwa.

"Lakini ni kabla ya vijiji au baada ya vijiji?"

Nilielewa swali kabla kijana hajalielewa. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya ujamaa si hiari tena, ni amri, na mwisho wake ni 1976. Huku Usukumani operesheni hiyo ya kuhamisha watu ilipita kwa nguvu mwaka 1974. Wasukuma walikuwa wakiishi mbalimbali, kila mji na ng'ombe wake, umezungushiwa boma la minyaa. Mzee alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ana mke mmoja, mji mpya, paa la nyasi la mwaka wa kwanza.

"Walikuja na lori," alituambia, mimi na yule kijana. "Tulipewa muda wa kutoa vyombo. Nyumba ikaezuliwa tukiona. Tukapelekwa pale barabarani, tukaambiwa jengeni. Mvua ilitukuta chini ya turubai. Baba yangu hakuivuka mvua hiyo." Akanyamaza, akatafuta pumzi. "Minyaa ilibaki. Minyaa haifi. Ukienda leo utaona duara lake, limekuwa miti mirefu, katikati hakuna mtu. Itongo langu."

Kijana mwongozaji hakujua afanye nini na mikono yake.

"Na pale barabarani ndipo tulipochimbiwa kisima," mzee akaendelea. "Ndipo ilipojengwa zahanati. Mke wangu alimzaa pale huyu mama wa kikoba, mtoto alikuja vibaya, nesi akamgeuza. Kule kwenye minyaa wangekufa wote wawili. Ndiyo maana nauliza umri wake. Kama hii ni kabla, nina neno naye. Kama ni baada, nina neno jingine."

Kijana alitazama picha, safari hii kwa makini kama nilivyopaswa kuitazama mimi tangu mwanzo. Akasema, "Babu, mvi zimeshaingia. Nadhani ni baada."

Mzee alisogeza uso hadi karibu kugusa kioo. Alitazama nywele, kisha pembe za macho, kisha nywele tena.

"Basi hapa alishajua," akasema.

Akavaa kofia, akachukua fimbo. Neno alilokuwa nalo alilisema au hakulisema, mimi sikulisikia.

Nje, chini ya mti, tuligawana maandazi na soda. Mwenyeji mmoja wa Butiama, naye wa umri mkubwa, alikuja kutusalimu, akauliza tumemwona wapi Mwalimu. Tukamwambia tumemwona ndani, pichani. Akatikisa kichwa. Alituuliza kama ile picha inacheka. Hapana, mdomo umefungwa. Basi hamjamwona, akasema. Mwalimu alipokuwa kijana alichongwa meno ya mbele, yakawa na ncha, kwa desturi ya Wazanaki, na wao wa pale walimjua akicheka, meno yote nje, bao mbele yake, anawafunga vijana. Yule aliyefunga mdomo ni wa serikali. Alilisema kwa upole, kama mtu anayesahihisha njia uliyoelekezwa vibaya. Baadaye nilikumbuka kwamba picha chache za magazeti zinamwonyesha akicheka, na kwamba meno hayo yanaonekana wazi, na kwamba miaka yote nilikuwa nimeyaona bila kuyaona.

Kabla ya kuondoka tulipitishiwa kitabu cha wageni. Nilikuwa wa mwisho, kwa hiyo niliweza kusoma walioandika kabla yangu. Vitabu hivi nchi nzima vina safu zilezile: tarehe, jina, mahali utokako, maoni, sahihi. Kwenye maoni fundi cherehani ameandika "Nzuri sana." Dereva, "Nzuri." Mgambo, kwa mwandiko wa kijeshi, "Nimefurahi kufika." Mama wa Masaka, mistari michache juu yao, "God bless Mwalimu." Mzee wetu hajui kuandika vizuri, binti yake alimwandikia "Nzuri sana" na yeye akaweka dole gumba. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niandike nini, maana kila kilichosemwa mchana ule kimeshatoka mlangoni na waliokisema. Natamani pangekuwa na mahali pa kukiweka. Si lazima kitabu. Hata kiti kimoja mbele ya picha ile, na mtu wa kusikiliza, na mashine ya kunasa sauti. Watu waliohamishwa 1974 wakiwa watu wazima sasa wanahesabika, na kila mmoja anayekwenda anaondoka na uso wa Mwalimu ambao hakuna mwingine aliyeuona. Niliandika "Nzuri sana" nami nikatia sahihi.

Tukirudi, giza lilitukuta karibu na Bunda. Watu walisinzia. Mimi nilikuwa nakumbuka jambo nililosoma zamani, la Mrusi Alfred Yarbus, aliyechapisha kitabu mwaka 1965 kuhusu namna jicho linavyotembea. Alibandika kijikofia chenye kioo kidogo juu ya jicho la mtazamaji ili mwanga unaorudi uchore njia ya macho, kisha akamwonyesha picha maarufu ya Ilya Repin: mwanamume aliyepelekwa uhamishoni anaingia sebuleni kwake bila kutarajiwa, familia inashtuka. Mtazamaji ni mmoja, picha ni moja. Kilichobadilika ni swali. Alipoulizwa watu hawa wana umri gani, macho yalirukia nyuso. Alipotakiwa kukumbuka mavazi, yalishuka mwilini. Alipoulizwa mgeni huyu ametoka nyumbani muda gani, yalikwenda na kurudi kati ya uso wake na nyuso za wanawe. Michoro yote saba haifanani. Nilipoisoma niliiona habari ya maabara. Ndani ya Koasta, mzee akiwa amelala bega lake kwenye begi, niliona kwamba fundi alikuwa na swali la mavazi na mzee alikuwa na swali la umri, na mama wa Masaka alikuwa na mawili yanayovutana. Mimi tangu utotoni nimekuwa na moja tu: je, baba amechelewa?

Tulifika Lamadi saa mbili na nusu usiku. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho chini ya taa, binti ameshapata nafuu, amekaa pembeni na kikombe cha uji.

"Enhe, ni huyuhuyu?"

Nilimsimulia yote, pole na minyaa na meno. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye ungo, ila nilipofika kwa mgambo mikono yake ilisimama. Mwishoni nilimwambia siwezi kumjibu. Nikamuuliza yeye, anayekaa chini ya picha ile miaka yote, huwa anaona nini.

Akainua kichwa kuitazama, kama mtu anayeulizwa habari za kikombe chake.

"Mimi huyo ni saa yangu," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa karani wa chama cha msingi, cha pamba. Ghala lilipofungwa wenzake walichukua mizani na viti, yeye akaja na hiyo. Aliipigilia hapo mwenyewe. Dirisha lile linatazama mawio. Jua likigusa mvi zake, moto uwe umekolea. Likifika machoni, maji yamechemka. Likifika mdomoni, chai iko mezani. Likishuka kwenye kola, basi la Mwanza limeshaondoka na kama sijauza, sijauza."

"Na masika?"

"Masika nachelewa."

Asubuhi niliamka kabla yake. Nilikaa meza ya pembeni, kimya, mgahawa bado una harufu ya moshi wa jana. Upande wa Serengeti mbingu ilikuwa imeanza kupasuka. Ukuta ulikuwa wa kijivu na Mwalimu alikuwa doa la kijivu ndani yake. Kisha pembe ya juu ya fremu ikapata rangi, mstari mwembamba kama uzi, ukateremka juu ya kioo, ukaingia kwenye nywele. Jikoni nilisikia kiberiti. Mama alipita na kuni, akatupa jicho juu bila kusimama, akaongeza mwendo.